Kazi ya kwanza ya muuguzi: njia ya Jason Sendwe na swali la vijana wa Mitwaba

"Umpeleke Sendwe." Mjini Lubumbashi maneno hayo mawili yanatosha. Mgonjwa akishindikana kwenye kituo cha afya cha mtaa, jamaa wanatafuta teksi na wanajua wanakwenda wapi. Hata huku Mitwaba, mbali kaskazini, mtu akisema "wamemtuma Sendwe", kila mmoja anaelewa kwamba ugonjwa ni mkubwa.

Lakini ukiwauliza vijana Jason Sendwe alikuwa nani, wengi watajibu kwamba alikuwa mwanasiasa, kiongozi wa Balubakat. Ni kweli. Kinachosahauliwa ni kwamba kabla ya siasa alikuwa muuguzi, na kabla ya uuguzi alikuwa amesomea kazi nyingine. Hospitali kubwa ya Lubumbashi haikupewa jina la mwanasiasa tu. Ilipewa jina la mtu wa kazi hiyo hiyo.

Historia yake inafaa kukumbukwa kila mwaka wakati majibu ya mtihani wa mwisho yanapotoka na vijana wanapoondoka ITM, shule ya ufundi wa utibabu, na diploma ya A2 mkononi. Karibu wote wanasema wanataka kuendelea: mmoja anataka kuwa fundi wa usingizi wa upasuaji, mwingine mzalishaji wa kiwango cha juu, mwingine anaota udaktari. Feza za kuendelea hazipo. Inabidi kufanya kazi kwanza. Basi swali ni moja: kazi gani?

Ngazi iliyokuwa na mwisho

Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, kazi ya afya kwa Mkongomani ilikuwa ngazi fupi. Chini kabisa alikuwa msaidizi wa muuguzi, aliyejifunza kufunga vidonda, kuchoma sindano na kusafisha vyombo. Juu yake alikuwa muuguzi mwenye diploma. Na juu kabisa alikuwa asistanti medikali, yaani msaidizi wa daktari. Shule za kuwafundisha hao wa mwisho zilifunguliwa katika miaka ya 1930 kule Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na Kisantu katika Bas-Congo.

Asistanti medikali alifanya mengi. Alipima wagonjwa, alitambua ugonjwa, aliandika dawa, alisaidia kwenye upasuaji, na katika vituo vya mbali alibeba karibu mzigo wote. Hata hivyo, kwa sheria alibaki chini ya daktari Mzungu. Hapo ngazi ilikatika. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na kile cha Élisabethville, ambacho ni UNILU ya leo, mwaka 1956. Kabla ya hapo hapakuwa na chuo kikuu katika nchi nzima ambacho kijana angeweza kuingia ili awe daktari.

Waajiri walikuwa watatu, na kila mmoja alitoa kitu chake. Misioni zilitoa shule na wagonjwa wengi, lakini mshahara ulikuwa mdogo. Serikali ilitoa cheo na uwezekano wa kutumwa kwenye shule ya juu, ila ilikuhamisha popote ilipotaka. Kampani, hasa Union Minière du Haut-Katanga iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitoa nyumba, posho na hospitali zenye vifaa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampani hiyo iliamua kuwakalisha wafanyakazi wake pamoja na bibi na watoto, badala ya kuwachukua kwa muda mfupi na kuwarudisha vijijini. Ndiyo maana ilihitaji watu wa kuzalisha, kupima watoto na kutibu familia nzima.

Kwa muuguzi wa wakati huo, kuchagua mwajiri kulikuwa kuchagua njia. Aliyetaka maisha mazuri haraka alitazama kampani. Aliyetaka kupanda hadi mwisho wa ngazi alihitaji kuwa mahali ambapo wakubwa wangemwona na kumtuma shuleni.

Mwalimu aliyegeuka muuguzi

Jason Sendwe alizaliwa mwaka 1917 Mwanya, katika teritware ya Kabongo, kwenye jamaa ya Waluba. Alisoma katika shule za Wametodisti. Njia iliyokuwa wazi mbele yake ilikuwa ile ya vijana wengi wa misioni: ualimu au uchungaji. Alipitia mafunzo ya kazi zote mbili. Zilikuwa kazi za heshima kijijini, na angeweza kubaki humo hadi uzee.

Hakubaki. Alikwenda Élisabethville, akajifunza uuguzi kwenye hospitali ya serikali na kupata diploma. Tunapaswa kusimama kidogo hapa, kwa sababu ndipo penye somo. Alikuwa mtu aliyekwisha kusoma, mwenye uwezo wa kusimama mbele ya darasa au mbele ya waumini, naye akakubali kuanza tena kwenye mabeseni na vitanda vya wagonjwa. Kwa macho ya wengi ilikuwa ni kushuka. Lakini hospitali ile ilikuwa na madaktari, wagonjwa wa kila aina, na njia ya kwenda mbele.

Njia hiyo ilimpeleka Léopoldville, kusomea uasistanti medikali. Leo kijana analalamika kwamba Lubumbashi ni mbali. Wakati ule, msafiri wa kutoka Katanga alipanda treni ya BCK hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, kisha akashuka mto Kasai na mto Kongo kwa meli. Na aliyekwenda huko hakwenda kwa wiki chache. Alikwenda kukaa shuleni miaka, wakati wenzake wa rika moja walikuwa tayari na mshahara kamili, nyumba na baisikeli.

Alipomaliza, Sendwe alikuwa amefika mahali pa juu kabisa ambapo sheria ilimruhusu Mkongomani kufika katika utibabu. Hakuwa na pa kwenda tena. Mwaka 1957 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Balubakat na akawa kiongozi wake. Mwaka 1960 akaingia bungeni. Baadaye akawa naibu wa waziri mkuu katika serikali ya Cyrille Adoula, kisha kiongozi wa jimbo la Nord-Katanga. Aliuawa Albertville, ambayo ni Kalemie ya leo, mwezi wa 6 mwaka 1964.

Mlango ulipofunguka ghafla

Wakati Sendwe akiwa kwenye siasa, wenzake wa kazi ya zamani walipata jambo ambalo hakuna aliyelitazamia.

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Katika nchi nzima hapakuwa na Mkongomani hata mmoja mwenye shahada ya udaktari. Majirani nao hawakuwa na wengi: Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari 12 tu wazalendo. Lakini Kongo ilikuwa haina kabisa. Siku chache baada ya sherehe, wanajeshi wa Force Publique waliasi, na maelfu ya Wabelgiji wakakimbia, madaktari wakiwemo. Hospitali nyingi zikabaki mikononi mwa wauguzi na asistanti medikali.

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilileta madaktari kutoka nchi za nje kuziba pengo. Lakini lilifanya na jambo la pili, ambalo lilidumu zaidi. Liliwatazama asistanti medikali na kujiuliza: watu hawa wamefanya kazi ya udaktari miaka mingi bila jina lake, wanahitaji muda gani kuongezewa kinachokosekana? Jibu lilikuwa miaka mitatu hivi badala ya kuanza chuo kikuu mwanzo hadi mwisho. Kundi la kwanza, watu wapatao 60, lilipelekwa katika vyuo vikuu vya Ufaransa mwaka 1960. Wengine walifuata. Mwaka 1963 wa kwanza walianza kurudi wakiwa madaktari kamili.

Hawa ndio walioshika hospitali za nchi katika miaka migumu iliyofuata. Na tujiulize kwa nini ni wao. Kulikuwa na makarani wenye mshahara mzuri kuliko wao. Kulikuwa na watu wenye akili sawa na zao waliochagua biashara. Lakini mlango ulipofunguka, OMS haikutafuta mwenye akili tu. Ilitafuta mtu ambaye mikono yake imekwisha kuizoea kazi na ambaye karatasi zake zinaonyesha amesoma nini, wapi, na miaka mingapi. Mtu aliyekuwa na kimoja bila kingine alibaki nje.

Kampani nayo inaanguka

Katika Katanga, wazee wengi watasema: yote hayo ni sawa, lakini kazi ya kweli ilikuwa kampani. Nao wana sababu. Union Minière ilipotaifishwa na baadaye kuitwa Gécamines, hospitali zake za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilibaki kati ya zile bora nchini. Muuguzi wa Gécamines alikuwa na mshahara, shule ya watoto na unga wa mwezi. Msichana aliyeolewa naye aliambiwa amepata.

Kisha miaka ya 1990 ikaja. Uzalishaji wa shaba ukaporomoka, mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004, katika mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Kila familia ya Lubumbashi ina mtu aliyepitia hapo.

Hapo ndipo tofauti ilipoonekana kati ya wafanyakazi wawili waliokuwa wakilipwa sawa. Mmoja alikuwa na ufundi unaotambulika popote: chumba cha upasuaji, usingizi, maabara, uzalishaji. Huyo aliweza kubisha kwenye hospitali nyingine. Mwingine alikuwa na miaka mingi ya kazi, lakini kazi yenyewe ilijulikana ndani ya uzio wa kampani tu. Ubaya wa kampani haukuwa mshahara wake mzuri. Ubaya ulikuwa kuudhani mshahara kuwa ndiyo ngazi.

Muuguzi peke yake kijijini

Kuna njia nyingine ya kujifunza, ambayo Mitwaba inaijua vizuri. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata uliamua kwamba afya ianzie karibu na mwananchi. Zaïre ilikuwa kati ya nchi zilizochukua neno hilo kwa uzito. Katikati ya miaka ya 1980 nchi iligawanywa katika zoni za afya 306. Leo zimepita 500. Teritware ya Mitwaba peke yake ina zoni ya Mitwaba na ile ya Mufunga-Sampwe.

Msingi wa mpango huo si daktari. Ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya, ambaye watu wa kazi wanamwita IT. Yeye ndiye anayepima, anayetibu malaria ya mtoto, anayezalisha usiku kwa mwangaza wa tochi, anayehesabu chanjo, anayeandika ripoti ya mwezi, na anayeamua mgonjwa gani apelekwe hospitali kuu na kwa njia gani. Kijijini watu hawasemi IT wala muuguzi. Wanasema muganga.

Kwa kijana wa A2, miaka miwili katika kituo kama hicho inaweza kumfundisha mambo ambayo mwenzake wa mjini hatayaona katika miaka mitano. Lakini inaweza pia kumpoteza. Hakuna mtu wa kumwambia amekosea. Kosa likirudiwa mara mia linageuka mazoea, na mazoea anayachukua kuwa ni ujuzi. Sendwe na wenzake walikuwa na daktari wa kuwasahihisha, hata kama daktari huyo alikuwa pia ukuta mbele yao. IT wa kijiji anamtegemea msimamizi wa zoni afike, na katika masika barabara ndiyo inayoamua kama atafika.

Na Mitwaba haikupewa miaka ya utulivu. Teritware hii ilikuwa moja ya kona za lile eneo la Mitwaba, Manono na Pweto lililoitwa pembetatu ya mauti. Mwaka 2005 na 2006 maelfu ya watu walikimbia vijiji vyao, na Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walifanya kazi hapa kati ya wakimbizi hao. Ni hapa Mitwaba, mwezi wa 5 mwaka 2006, ambapo Gédéon Kyungu Mutanga alijisalimisha kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Katika miaka ya namna hiyo, muuguzi hachagui kazi kwa kufikiria masomo yake. Anafikiria kama kesho atakuwa hai.

Swali la leo

Leo ukuta ambao Sendwe aliukuta haupo. Kwa sheria, kijana wa A2 anaweza kwenda ISTM, kupata kiwango cha A1, na kuendelea hadi shahada ya juu. Katika mfumo mpya wa LMD, ambao vyuo vya nchi vilianza kuufuata mwaka 2021, ni lisansi ya miaka mitatu, kisha masta. Anaweza kuchagua usingizi wa upasuaji, uzalishaji, maabara, afya ya jamii. Tangu mwaka 2016 kuna hata sheria iliyounda Oda ya wauguzi, ili kazi hii iwe na daftari na nidhamu yake.

Ukuta wa leo ni feza na muda. Wauguzi wengi wa serikali wanafanya kazi bila matrikule, au wana matrikule bila mshahara, na wanaishi kwa primu na kwa kidogo kinachobaki kutoka malipo ya wagonjwa. Kwa hiyo kijana anayetaka kusoma anasimama mbele ya milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni poliklinike ya binafsi mjini Lubumbashi. Faida yake ni kwamba ISTM iko karibu, na akipata zamu za usiku anaweza kusoma mchana. Hatari yake ni kufanywa mtu wa sindano na serumu tu, bila mkataba wala karatasi.

Mlango wa pili ni dispensari ya kampani ya madini, Likasi au Kolwezi. Mshahara wake ndio utakaolipa masomo. Lakini wagonjwa wake ni watu wazima wenye nguvu, ambao kampani iliwapima kabla ya kuwaajiri. Anayetaka kuwa mzalishaji hatajifunza uzalishaji pale.

Mlango wa tatu ni hospitali kuu ya zoni au kituo cha kijiji. Kazi ni nyingi kupita kiasi na malipo ni haba, lakini hakuna ugonjwa ambao hataukuta.

Historia haisemi mlango mmoja ni mwema na mingine ni mibaya. Inaonyesha maswali ya kuuliza kabla ya kusaini. Nani atasimama pembeni yangu na kunisahihisha? Kazi hii inanikutanisha na wagonjwa wa fani ninayoitaka? Nikiondoka nitapewa karatasi inayosema nilifanya nini na kwa muda gani? Na je, nimejiwekea tarehe ya kuondoka? Wengi hawakushindwa masomo. Walisema "mwaka ujao" mara kumi.

Anayeondoka na anayerudi

Kuna swali la mwisho ambalo kijana haulizwi mara nyingi, lakini mji mdogo unaliuliza kwa ajili yake. Mama akishindwa kujifungua usiku huku Mitwaba, upasuaji hauhitaji daktari peke yake. Unahitaji mtu wa kumlaza usingizi na kumwamsha salama. Barabara ya kwenda Likasi na Lubumbashi ni ndefu, na mvua ikinyesha haina saa ya kufika. Kwa mama huyo, mwenye fani kama hiyo si mtu wa cheo. Ni mtu aliyepo au asiyepo.

Kwa hiyo kijana wa hapa anapoondoka kwenda kusoma, mji unapoteza muuguzi leo ili upate fundi kesho. Asipoondoka, fundi hatakuwepo kamwe. Akiondoka na asirudi, hasara ni mara mbili. Wazee wa misioni na kampani waliwafunga watu kwa mikataba. Leo hakuna anayemfunga mtu, na pia hakuna anayemlipa ili arudi. Zoni ikitaka mtu wake arudi, ingefaa ianze kuongea naye kabla hajapanda gari: imwandikie karatasi, imtunzie nafasi, imwambie atafanya nini siku akirudi.

Sendwe hakurudi kuwa muuguzi. Siasa ilimchukua, na kifo kikamkuta mapema. Lakini jina lake liko juu ya lango ambalo wagonjwa wa Mitwaba wanalitafuta wakifika Lubumbashi wamechoka na safari. Ndani, usiku, nani anapita kitanda kwa kitanda na tochi na daftari? Mara nyingi ni kijana wa A2 katika kazi yake ya kwanza, anayehesabu ni miezi mingapi imebaki kabla ya kujiandikisha ISTM.